Mtori uliopita mlango wa jirani

MWAKA jana, mvua za masika zilipoanza, mtaani kwetu hapa Themi kulikuwa na wajawazito wawili waliopishana wiki chache tu. Mmoja anakaa nyumba ya kona, mwingine nyumba inayofuata, yenye geti la bluu. Walikuwa wakiongozana kwenda kliniki, kila mmoja na kadi yake mkononi, na sisi wengine tukiwatania kwamba watoto wao watakuja kugombana shuleni.

Usiku mmoja yule wa geti la bluu alichukuliwa na bajaji kwenda hospitali. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Alirudi baada ya siku mbili, mikono mitupu. Mtoto alizaliwa akiwa amekwishafariki. Wanaume wanne walikwenda kuzika asubuhi na mapema. Turubai halikufungwa, matanga hayakukaliwa, na daftari la rambirambi halikupita. Tuliambiana kwa sauti ya chini: "Pale msiende kwanza, mwacheni apumzike."

Wiki hiyohiyo yule wa nyumba ya kona akajifungua salama. Mtaa mzima ukamiminika. Mimi nilipika mtori, nikaujaza kwenye chupa ya chai, nikaenda kumpongeza. Wenyeji wa huku wanajua kwamba kwa mzazi mtori si chakula tu. Ni namna ya kumwambia, "Tumekuona, na tumefurahi."

Wiki ya tatu nilikutana na jirani yangu wa geti la bluu dukani. Nikamwambia maneno niliyodhani ni ya faraja: "Pole mdogo wangu, ni mipango ya Mungu. Wewe bado kijana, utapata mwingine." Halafu nikaongeza swali: "Kwani ulikuwa unabeba ndoo za maji?" Hakunijibu. Alilipia mkate wake akaondoka.

Ilichukua miezi minne kabla hajaniambia kilichokuwa moyoni. Tulikuwa tumekaa kibarazani kwake, tunachambua mchicha. "Dada," akasema, "siku ile ulipita hapa na chupa ya mtori, mimi nilikuwa dirishani. Maziwa yalikuwa yanatoka, kanga imelowa yote. Nikasema labda ukitoka kule utaingia na kwangu."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Ameniruhusu niandike habari hii, mradi nisitaje jina lake.

Kutoka Kivu hadi Nyarugusu

Jirani yangu huyu alizaliwa Kivu Kusini, Kongo. Amekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, kabla ya kuolewa na Mtanzania na kuhamia Arusha. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Kuanzia mwaka 2015 ilipokea pia Warundi wengi, hata idadi ya wakazi wake ikapita 100,000. Sisi wa Arusha tunaikumbuka Burundi kwa mkataba wa amani uliosainiwa hapa mjini kwetu Agosti 28, 2000. Lakini ni mara chache tunakumbuka kwamba kila mkataba una watu nyuma yake, na baadhi ya watu hao leo ni wake zetu, wakwe zetu na majirani zetu.

"Mwenzetu wa hapa akifiwa," aliniambia, "mama yake anapanda basi anakuja. Anamkanda kwa maji ya moto, analala naye chumbani. Mimi mama yangu yuko kambini, hawezi kutoka bila kibali. Na kila nikimlilia mtoto, nawalilia na wale tuliowaacha njiani bila kuwazika."

Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyekimbia nchi yake. Msiba mpya haumkuti akiwa mzima, unakaa juu ya misiba ya zamani. Na wale ambao wangemshika mkono, bibi, shangazi, mama mkubwa, hawapo.

Kisha akasema jambo lililonifanya niende kutafuta na kusoma. Kule kambini, alisema, kulikuwa na vikundi vya akina mama waliokaa na kuzungumza. Wengine waliingia wameinamisha vichwa, baada ya wiki kadhaa wakawa wanasalimia watu njiani.

Walichojifunza wanasaikolojia

Nilikuta kwamba mambo haya yamefanyiwa utafiti, tena kwa watu wa kwao hasa. Mwaka 2013 Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, pamoja na mwanasaikolojia Debra Kaysen na wenzao, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya vijijini Kongo ya mashariki. Walishirikisha wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono na waliokuwa na huzuni nzito na hofu.

Katika vijiji vingine wanawake walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Katika vijiji vingine walipata vikao 12 vya tiba ya mazungumzo: kimoja cha mama na mshauri peke yao, na 11 vya kikundi. Walioendesha vikao walikuwa wanawake wa Kongo waliopewa mafunzo, na hawakuwa madaktari. Kwa kuwa wengi wa washiriki hawakujua kusoma, mazoezi yalirahisishwa ili wayashike kichwani.

Miezi sita baada ya vikao kwisha, katika vijiji vya msaada wa kawaida wanawake 42 kati ya kila 100 walikuwa bado na dalili za sonona au hofu kubwa. Katika vijiji vya vikundi walibaki 9 kati ya kila 100.

Baadaye wataalamu wa Johns Hopkins na wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, wakiwemo Samuel Likindikoki na Jessie Mbwambo, walichukua tiba hiyo, wakaifupisha na kuijaribu Nyarugusu kwa wanawake 311 wa Kongo waliofanyiwa ukatili na wenzi wao. Mradi huo uliitwa Nguvu. Ulikuwa na vikao vinane, navyo viliendeshwa na wakimbizi wenyewe waliofundishwa kazi hiyo.

Niseme wazi: tafiti hizo hazikuhusu mimba zilizoharibika wala watoto waliozaliwa wafu. Zilihusu ukatili. Lakini kiini cha tiba hiyo ndicho kilichonigusa. Mtu aliyepatwa na jambo zito huwa na wazo moja linalomkaba, nalo mara nyingi ni hili: "Ni kosa langu." Kazi ya kikundi ni kumsaidia alitoe wazo hilo nje, alitazame na kuuliza: Je, ni kweli? Nina ushahidi gani? Ningemwambia hivyo rafiki yangu aliyepatwa na haya?

Nikamuuliza jirani yangu wazo lake lilikuwa lipi. Akanitazama. "Ndoo," akasema.

Lawama isiyo na mwenyewe

Mzazi mwenzangu, swali langu la dukani halikuwa swali. Lilikuwa hukumu. Naye aliishi na hukumu hiyo miezi minne.

Ukweli wa kitabibu ni tofauti. Karibu nusu ya mimba zinazoharibika katika miezi mitatu ya mwanzo huharibika kwa sababu mbegu zilipoungana kulitokea hitilafu katika chembe za urithi. Hakuna alichofanya mama, na hakuna ambacho angefanya kuzuia.

Kwa mtoto anayefia tumboni miezi ya mwisho au wakati wa uchungu, sababu za kawaida ni shinikizo la damu na kifafa cha mimba, maambukizi kama malaria na kaswende, matatizo ya kondo la nyuma, na uchungu uliochukua muda mrefu bila msaada. Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 40 ya watoto wanaozaliwa wafu hufariki uchungu ukiwa umeshaanza, wakati ambao huduma nzuri ya uzazi ingeweza kuwaokoa wengi wao. Mengi ya hayo yanazuilika kwa kuwahi kliniki, kupimwa presha, damu na mkojo, kulala kwenye chandarua na kufika mapema hospitali. Lakini ndoo moja ya maji, hasira ya siku moja, au mwiko uliovunjwa bila kujua, havistahili kubebeshwa kifo cha mtoto.

Kimya nacho kina hesabu

Ripoti hiyohiyo ilikadiria kwamba duniani karibu watoto milioni 2 huzaliwa wafu kila mwaka, yaani mmoja kila sekunde 16. Mwaka uliofuata jarida la tiba la Lancet lilikadiria mimba milioni 23 huharibika kila mwaka. Kama hujawahi kusikia idadi hizo, si kwamba kwenu hazijafika. Ni kwamba hatuzisemi.

Watafiti waliowahoji wanawake vijijini kusini mwa Tanzania, miongoni mwao Rachel Haws na Mtanzania Mwifadhi Mrisho, waliandika mwaka 2010 kuhusu kimya hicho. Hata kichwa cha makala yao kilibeba kauli kwamba haya si mambo mazuri kwa watu wengine kuyajua. Wanawake waliogopa umbea, waliogopa kulogwa, waliogopa kudhaniwa wametoa mimba makusudi. Kwa hiyo mpita nyumba kwa nyumba wa takwimu akija na kuuliza, wengine hawasemi, na mtoto huyo haingii kwenye hesabu yoyote, si ya familia wala ya serikali.

Hasara ya kimya haiishii kwenye takwimu. Jessica Farren wa chuo cha Imperial, London, na wenzake walifuatilia mamia ya wanawake waliopoteza mimba changa. Mwezi mmoja baadaye, 29 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za kiwewe, kama vile kuota tukio lilelile na kukwepa kila kinacholikumbusha. Baada ya miezi tisa walikuwa bado 18. Huko ni Uingereza, kwa wanawake ambao wengi wana mama zao jirani. Mfikirie aliyepoteza mimba akiwa amepoteza pia nchi.

Lugha yetu nayo inachangia. Mimi mtaani sina jina langu. Naitwa Mama fulani, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Huyu jirani yangu mtoto wake wa kwanza ndiye huyo aliyezikwa. Tunamwita shemeji, tunamwita mke wa fundi, lakini hakuna anayemwita mama. Amebeba miezi minane, ameshika uchungu, amezaa, na hana jina la uzazi.

Baba naye, na watoto wa mtaani

Mume wake alirudi kazini siku ya tatu. Sisi wanaume wetu tunawaambia, "Jikaze, mtie moyo mkeo." Hakuna anayemuuliza yeye analalaje. Kumbe ndiye aliyebeba kile kisanduku mkononi na ndiye aliyefukia. Mwanamume anayeanza kuchelewa kurudi, kunywa kupita kiasi au kugomba kwa jambo dogo baada ya msiba kama huu, usikimbilie kusema amebadilika tabia. Huenda analia kwa njia pekee aliyoruhusiwa.

Na watoto? Mwanangu wa miaka sita aliniuliza mbele ya watu, "Mama, mtoto wa pale geti la bluu yuko wapi?" Nilimfinya. Nilikosea. Watoto waliona tumbo, wakaona tumbo halipo, na wakifichwa hujitungia majibu yanayotisha kuliko ukweli. Mwambie kwa maneno mafupi: "Mtoto alikufa kabla hajazaliwa. Mama yake ana huzuni. Si kosa la mtu." Usiseme amelala, maana ataogopa kulala. Usiseme amerudishwa hospitali, maana ataogopa hospitali. Kama ni ndugu wa marehemu mchanga, mhakikishie kwamba si yeye aliyesababisha kwa wivu au kwa utundu.

Tufanye nini, basi

Haya ni machache niliyoyakusanya kutoka kwa wataalamu na kutoka kwa jirani yangu mwenyewe:

1. Nenda. Usisubiri aitishe. Ukiwa hujui la kusema, sema, "Pole sana, sina maneno, nimekuja kukaa na wewe." Kisha kaa kweli.

2. Acha maneno yanayoanza na "angalau." Angalau ilikuwa changa, angalau wewe mzima, angalau una mwingine. Acha pia "utapata mwingine." Anayemlilia ni huyu.

3. Usiulize alifanya nini. Muulize anaendeleaje, amekula nini, amelalaje.

4. Akitaka kusimulia, msikilize hata kama ni mara ya kumi. Asipotaka, usimlazimishe. Akimtaja mtoto kwa jina, nawe mtaje.

5. Kumbuka mwili wake ni wa mzazi. Anavuja damu, anauma, na kama mimba ilikuwa kubwa maziwa yatajaa siku ya pili hadi ya nne. Sidiria inayobana kiasi na kitambaa cha maji baridi husaidia, na asikamue sana kwani kukamua huita maziwa zaidi. Mpikie, mfulie, mchotee maji.

6. Familia imuulize mapema kama anataka kumwona mtoto, kumshika, kumpa jina, au kujua alipozikwa. Wapo wanaotaka, wapo wasiotaka. Kosa ni kuamua kwa niaba yake.

7. Kwa mtu aliye mbali na kwao, shikilia nafasi ya ndugu. Mpigie simu mama yake pamoja naye. Muulize kwao msiba kama huu huombolezwaje, na mfanye hata sehemu ndogo ya desturi hiyo.

8. Andika tarehe. Mwezi ule mtoto aliotarajiwa kuzaliwa, na mwaka mmoja baadaye, huumiza upya. Ujumbe mfupi wa simu siku hiyo, "Nawakumbuka wewe na mtoto," unatosha.

Lini ni hatari

Kulia, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula wiki za mwanzo ni sehemu ya kuomboleza. Lakini kama zaidi ya wiki mbili mama hawezi kuamka, hali, haogi, anajilaumu mchana na usiku, anasikia sauti ya mtoto akilia, au anasema maisha hayana maana, hiyo inaweza kuwa sonona au tatizo kubwa zaidi, na inatibika. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, uliza huduma ya afya ya akili au ofisa ustawi wa jamii, na mwende pamoja. Akisema anataka kujidhuru, asiachwe peke yake hata dakika moja, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Vilevile homa, damu nyingi inayolowesha pedi baada ya pedi, uchafu wenye harufu kali au maumivu makali ya tumbo baada ya mimba kutoka au kujifungua ni dharura. Hapo si wakati wa kutafuta dawa za mitishamba wala kusubiri kesho. Na suala la lini kushika mimba tena waulizwe wahudumu wa afya, si mama mkwe.

Niliporudi na chupa

Baada ya yale mazungumzo ya kibarazani, siku ya pili nilipika mtori. Ndizi mshare, nyama ya ng'ombe, sikuongeza wala kupunguza kitu, kama ule wa kwanza. Nilibisha geti la bluu nikiwa na aibu, maana mtori wa mzazi kuletwa mwezi wa nne ni kichekesho.

Hakucheka. Alikwenda ndani akarudi na vikombe viwili, tukanywa. Kisha akaniambia jina walilompa mtoto. Ni jina la bibi yake, yule waliyemwacha Kivu. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya ndoo, nikamwambia niliyoyasoma. Alinisikiliza, akasema, "Nitajaribu kuamini." Nikaona hilo kwa siku moja linatosha.

Jina hilo sitaliandika hapa. Lakini tukiwa wawili, yeye mwenyewe ameniomba nimwite kwalo: Mama fulani. Nafanya hivyo.

Wiki hii, mpendwa msomaji, pitia kichwani nyumba za mtaa wenu. Kuna mlango mmoja ulioupita. Si lazima uwe na mtori. Bisha tu.

Tukutane wiki ijayo.